Msitu wa Kahuzi Una Wenyewe Wangapi?

Umeme ukikatika Kadutu jioni, mtu haulizi atapika nini. Anauliza makala yamebaki kiasi gani. Makala, ndivyo sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunavyouita mkaa. Babula, jiko letu la makala, inatolewa mlangoni, mtoto anapepea kwa kipande cha katoni, na sufuria ya maharage inakaa motoni mpaka giza liingie kabisa. Siku moja nilimwuliza mama ambaye hununua makala kwake: "Mama, haya yanatoka wapi?" Akanyoosha mkono kuelekea kaskazini-magharibi, kule mlima Kahuzi unakoonekana asubuhi zisizo na ukungu. "Yanatoka juu, mwanangu." Hakutaja pori wala parke, yaani hifadhi ya taifa. Kila mtu hapa anajua juu ni wapi.

Mabishano kuhusu msitu huo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto, na karibu kila mara watu hujipanga pande mbili. Wako wanaosema ngagi, yaani gorila, kwanza, wako wanaosema binadamu kwanza. Nimechoka na mabishano hayo kwa sababu hayagusi kiini. Swali linaloutesa msitu wa Kahuzi-Biega ni la ardhi: nani ana neno juu yake, na neno hilo limesimama juu ya sheria ipi. Swali hilo likikaa bila jibu, msitu unaharibika hata kama kila mtu anaupenda.

Kibuyu chenye shingo nyembamba

Tuanze na ramani, maana wengi wetu tunalijua lango la Tshivanga tu, kama kilomita 30 kutoka mjini, na tunadhani hifadhi yote iko pale. Ukiichora, inatokea kama kibuyu kilichobanwa shingoni. Sehemu ya juu ni ndogo: milima, mianzi, baridi, na vilele viwili vilivyoipa jina, Kahuzi wenye mita 3,308 na Biega wenye mita 2,790. Sehemu ya chini ni kubwa mara kadhaa, msitu wa bonde lenye joto unaoelekea Shabunda, Walikale na hata Maniema. Shingo inayoziunganisha ni ukanda wa Nindja. Shikeni jina hilo, nitalirudia.

Serikali ya Wabelgiji ililitenga eneo la mlima Kahuzi mwaka 1937. Mpaka ule ulikuwa karatasini zaidi kuliko ardhini, na Batwa, watu wa asili wa msitu huo, ambao kwa Mashi, lugha ya Bashi, tunawaita Barhwa, waliendelea kuishi ndani yake: kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi ya dawa, kuzika wafu wao. Kisha tarehe 30 Novemba 1970 hifadhi ya taifa ikatangazwa, yenye hekta 60,000 tu, sehemu ile ya juu. Mbelgiji Adrien Deschryver alikuwa ameipigania sana. Ndiye pia aliyewazoesha ngagi macho ya watu kidogo kidogo, mpaka wageni wakaanza kutoka mbali kuja kuwatazama. Ngagi hao, gorila wa Grauer, hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo.

Miaka mitano baadaye, Julai 1975, amri moja iliikuza hifadhi mara kumi, kutoka hekta 60,000 hadi 600,000. Kalamu ilipita juu ya vijiji vya Bashi, Batembo na Barega vilivyokuwa na mashamba, makaburi na machifu wao. Watu wengi walikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba wanalima ndani ya hifadhi ya taifa. Wengine wapo humo hadi leo, hawajawahi kuhama, na hawajawahi kukubali.

UNESCO iliiandika Kahuzi-Biega katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Mwaka 1997 ikaitia katika orodha ya urithi ulio hatarini, na bado imo.

Sheria tatu juu ya kilima kimoja

Hapa ndipo fundo lilipo, na nitakaa hapa kidogo.

Katika Bushi, nchi ya Bashi, ya zamani ardhi ni ya mwami, yaani mfalme wa jadi, kwa niaba ya watu wake wote. Mtu anayetaka pa kuishi anampelekea chifu kalinzi, ambayo kwa desturi ilikuwa ng'ombe, na kwa kalinzi hiyo anapata haki ya kudumu: atalima, atapanda migomba, watoto wake watarithi. Asiye na uwezo wa kalinzi anachukua bwasa, yaani anakodi shamba kwa msimu mmoja au miwili. Mwenye bwasa hapandi mti, wala mgomba, wala kahawa. Analima maharage, anavuna, anaondoka. Kupanda kitu cha kudumu ni kudai umiliki, na mwenye ardhi hawezi kuliruhusu.

Halafu ikaja sheria ya ardhi ya Julai 1973. Ilisema ardhi yote ya nchi ni mali ya serikali. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na jamii kwa desturi, iliahidi kwamba amri ya rais itakuja kueleza haki zao. Amri hiyo haikuja. Zaidi ya miaka 50 imepita, na mamilioni ya wakulima wa Kongo wanalima juu ya ahadi isiyotimizwa. Aliyekuwa na fedha na rafiki katika ofisi ya ardhi alipata hati. Mwenye kalinzi alibaki na kumbukumbu ya ng'ombe wa babu yake. Mwaka huohuo mashamba makubwa ya Wazungu, ya chai, kahawa na kwinini, yaligawiwa wakubwa wa utawala wa Mobutu. Mkulima wa Kabare akajikuta amebanwa: chini yake plantesheni, juu yake hifadhi.

Sheria ya tatu ndiyo hiyo ya hifadhi, inayosimamiwa na taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN. Kwayo, ndani ya mpaka hakuna kulima, kuwinda, kukata wala kuishi.

Sasa mweke Mtwa katikati ya sheria hizo tatu. Hana hati ya serikali, maana hakuna aliyewahi kumpimia msitu. Hana kalinzi, maana msituni hakuhitaji kumpa mtu ng'ombe ili aishi mahali babu zake walipoishi. Na hifadhi inamwita mvamizi. Katika miaka ya 1970 Batwa walitolewa msituni bila fidia na bila kupewa ardhi nyingine. Idadi zinazotajwa sana ni kati ya watu 3,000 na 6,000. Walikwenda wapi? Kwenye vilima vya majirani zao, pembezoni mwa barabara na mashamba, katika nchi ambayo ardhi hupatikana kwa ng'ombe ambaye hawana. Wakawa vibarua wa siku, wageni mahali ambapo Bashi wenyewe husimulia kwamba Barhwa ndio waliotangulia.

Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu kila ninaposikia mtu akisema "wale watu hawapendi kulima, hawapendi kujenga", nataka kumwuliza: walime wapi? Mtu aliyekaa kwa hisani ya mwenye shamba haruhusiwi hata kupanda mparachichi mbele ya nyumba yake.

Aliyekata ni nani

Watu wa pembeni ya msitu wamekata miti, hilo halifichiki. Lakini ukipanga matukio kwa miaka yake, unaona uharibifu mkubwa ulifuata vita na bei, na wakati wote huo walinzi walikuwepo au walikuwa wamefukuzwa na bunduki zenye nguvu kuliko zao.

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu. Kambi za Kashusha na Inera zilikuwa kando ya barabara ya Kavumu, karibu na mpaka wa hifadhi. Watu wale walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea, na msitu ulikuwa palepale. Kisha zikaja vita za 1996 na 1998. Tembo wa sehemu ya juu, waliokuwa mamia, waliuawa karibu wote. Ngagi wa sehemu hiyo, waliohesabiwa karibu 250 mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wamebaki kama 130 kufikia mwaka 2000. Mwaka huohuo bei ya madini ya koltani ilipanda ghafla kwenye masoko ya dunia, kwa sababu ya simu na michezo ya kompyuta, na maelfu ya wachimbaji wakazama katika msitu wa bonde. Mchimbaji hapandi chakula. Anakula nyama ya porini.

Kwa gorila wa Grauer wote, hesabu zinaweza kupotosha asiyezizoea. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000. Mwaka 2016 watafiti walitangaza 3,800, na wakaingizwa katika kundi la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2021 ikatoka hesabu nyingine: 6,800. Je, wameongezeka karibu mara mbili kwa miaka mitano? Ngagi jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo haiwezekani. Tofauti inatokana na watafiti kufika maeneo ambayo awali usalama haukuruhusu, na kuhesabu kwa njia bora zaidi.

Kuna jambo moja dogo ambalo wageni huliona bila kulielewa. Ukipanda kutoka Tshivanga utaona mahali pengi miti imefunikwa na mmea mtambazi kama blanketi, na chini yake miche midogo inakufa kwa kukosa mwanga. Mmea huo unaitwa kitaalamu Sericostachys scandens. Ni wa hapahapa, haukuletwa na mtu, lakini umeenea kupita kiasi, na wataalamu wa mimea waliouchunguza wanaona kutoweka kwa tembo kuwa moja ya sababu, kwa kuwa tembo ndio waliokuwa wakiukanyaga na kuukata. Kwa hiyo bunduki za miaka ya 1990 bado zinaua miti leo, ingawa waliozishika wameshazeeka au wamekufa.

Na makala? Tanuru la udongo ambalo wachomaji wetu hutumia hutoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za mbao. Nyingine yote ni moshi. Mchomaji ndiye anayekamatwa, kwa sababu ndiye aliye porini na magunia yake. Lakini gunia likishuka kutoka kwenye tanuru hadi soko la Kadutu linapita mikono mingi: mwenye bunduki anayetoza kupita, mwenye lori, askari wa kizuizi, mfanyabiashara wa jumla. Na mwisho wake ni sisi, zaidi ya watu milioni moja wa Bukavu, wenye umeme wa mitambo ya Ruzizi unaokuja na kuondoka. Anayesema "wanakijiji wanamaliza msitu" aangalie kwanza jiko lake.

Oktoba 2018

Mwaka 2014 kulifanyika mazungumzo kati ya Batwa, ICCN na serikali, na Batwa wakaahidiwa ardhi. Wakasubiri. Oktoba 2018 familia nyingi zilichoka kusubiri, zikachukua vyungu na watoto, zikarudi msituni.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kwa kila upande. Walinzi waliuawa. Batwa waliuawa, vijiji vyao vikachomwa moto. Mwaka 2022 shirika la Minority Rights Group lilitoa ripoti nzito kuhusu mashambulizi ya walinzi na wanajeshi dhidi yao kati ya 2019 na 2021. Na miti ilikatwa. Katika maeneo yale ya sehemu ya juu makala yalichomwa kwa wingi, wafanyabiashara wakaingia, wenye silaha wakaingia, na baadhi ya viongozi wa Batwa walishirikiana nao.

Kuna watu wanaoshika hilo la mwisho kama ushahidi: mnaona, tuliwaambia, wakirudi wanamaliza msitu. Mimi nalisoma tofauti. Mtu anayerudi baada ya miaka zaidi ya 40, bila karatasi, bila kutambuliwa, akijua kwamba kesho anaweza kufukuzwa tena kwa risasi, ana sababu gani ya kuuacha mti usimame? Mti ulio wake atauacha ukue. Mti ambao kesho si wake atauuza leo. Hiyo ni hesabu ileile ya mkulima wa bwasa asiyepanda kahawa. Na jirani yake mwenye lori anaijua hesabu hiyo vizuri, ndiyo maana alifika haraka.

Wakati huohuo kesi ilikuwa inatembea. Batwa walikuwa wamegonga mahakama za hapa Bukavu bila kupata jibu, kisha wakaenda kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulitangazwa Julai 2024: Kongo ilivunja haki zao ilipowatoa kwenye ardhi ya mababu zao. Tume ilitaka warudishiwe ardhi hiyo, wapewe hati za pamoja, wafidiwe na waombwe radhi hadharani. Kabla ya hapo, Julai 2022, Kongo ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda watu wa asili, inayotambua haki zao juu ya ardhi wanazozimiliki au kuzitumia. Karatasi sasa zipo. Kati ya karatasi na kilima bado kuna safari.

Neno "kushirikisha" lina maana nyingi mno

Kila mradi unaokuja hapa unasema utashirikisha jamii. Neno hilo limebeba mambo manne tofauti, na mchanganyiko wake unaleta hasira isiyo ya lazima.

Kwanza ni misaada na kazi: shule, zahanati, ajira ya ulinzi au ya kufyeka njia. Mfano mzuri ni wa John Kahekwa, aliyekuwa akiwaongoza wageni kwa ngagi wa Kahuzi-Biega, ambaye mwaka 1992 alianzisha Pole Pole Foundation mahali paitwapo Miti. Aliona kwamba mwindaji anayekamatwa ni baba mwenye njaa nyumbani, na msemo wake umejulikana mbali: tumbo tupu halina masikio. Shirika lake limepanda miti, limesomesha watoto, limewafundisha waliokuwa wawindaji kazi ya kuchonga mbao, na limekuza spirulina, aina ya mwani, kwa ajili ya lishe. Mwaka 2021 lilifika fainali ya tuzo ya Earthshot. Kazi hiyo ni ya kweli na imefanywa na mtoto wa hapa. Ninaiheshimu sana.

Pili ni kugawana mapato ya utalii. Hilo nalipita haraka, maana mapato yanategemea wageni, na wageni wanategemea amani. Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Huwezi kujenga mkataba wa vizazi juu ya tiketi za watalii katika Kivu.

Tatu ni kushauriwa. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 2014 inataka wananchi waulizwe kabla ya kuanzisha hifadhi mpya. Vizuri. Lakini kuulizwa na kusikilizwa ni vitu viwili, na mara nyingi mkutano huitishwa ramani ikiwa tayari imeshachorwa. Chifu anapewa soda na karatasi ya mahudhurio, na saini yake ya kuhudhuria inageuka kuwa saini ya kukubali.

Nne ni kuwa na haki yenyewe, kisheria, ya kusema ndiyo au hapana juu ya ardhi. Jamii inapodai hili la nne, mara nyingi hujibiwa kwa lile la kwanza. Wanadai ardhi, wanaletewa shule. Shule ni njema, lakini si jibu la swali lililoulizwa, na mwenye mradi anaondoka akishangaa mbona hawana shukrani.

Itombwe walivyorekebisha kosa

Wanaosema kwamba hili la nne haliwezekani nawaomba watazame kusini, palepale Kivu Kusini. Mwaka 2006 waziri wa mazingira mjini Kinshasa alitangaza Hifadhi ya Asili ya Itombwe, katika milima ya Mwenga, Fizi na Uvira. Ilikuwa ileile hadithi ya 1975: amri kutoka mbali, wenyeji hawajui. Watu walikasirika na kuikataa.

Tofauti ni kwamba safari hii hasira ile ilisababisha kazi. Mashirika ya hapa na ya nje yalikaa na vijiji miaka kadhaa, wakichora ramani pamoja. Wazee walitaja mito kwa majina yake, mahali pa matambiko, mashamba, njia za kuwindia, mabonde yasiyoguswa tangu zamani. Mpaka ulitokana na ramani hizo. Mwaka 2016 gavana wa jimbo alitia saini mipaka mipya, kama kilomita za mraba 5,700, ikiwa imegawanyika: kiini cha kulindwa kabisa, eneo la matumizi yenye masharti, na maeneo ya vijiji na maendeleo ambayo watu wanabaki na maisha yao.

Itombwe haijawa pepo. Ina wachimbaji wa dhahabu, ina makundi yenye silaha, na maeneo mengi hayafikiki. Lakini mpaka wake unajulikana kwa watu walio juu yake, kwa majina ya mito wanayoyatumia wenyewe.

Kuna njia nyingine ambayo watu huichanganya na hii: misitu ya jamii. Tangu amri ya Agosti 2014, jamii ya wenyeji inaweza kupewa na serikali, bure na kwa kudumu, haki ya kusimamia msitu wake wa mababu hadi hekta 50,000. Ni chombo chenye nguvu, na Kivu zote mbili zina jamii zinazokitumia. Lakini kina mwiko mmoja: hakiingii ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa hiyo Barega wa pembeni ya Kahuzi-Biega wanaweza kuomba msitu ulio nje ya mpaka, ila Batwa wanaodai ardhi iliyo ndani hawawezi kusaidiwa nacho mpaka ama mpaka usogezwe, ama sheria ya hifadhi iruhusu kitu ambacho leo hairuhusu. Nimesikia viongozi wakiwaambia Batwa "ombeni msitu wa jamii" kana kwamba hilo linatosha. Halitoshi.

Turudi kwenye makala

Upande wa Goma, shirika la uhifadhi la WWF lilianza mwaka 2007 mradi uliopewa jina la EcoMakala: wakulima wapande miti ya kuchoma makala kwenye mashamba yao ili Virunga ipumue. Maelfu ya hekta zilipandwa. Hifadhi ya Virunga yenyewe ilijenga kituo cha umeme cha Matebe, megawati 13 hivi, kilichoanza kazi mwisho wa 2015. Wengi wanauliza kwa nini Bukavu haina vitu hivyo kwa ukubwa huo. Umeme unahitaji fedha nyingi na usalama, hilo linaeleweka. Ila miti? Mche wa mkaratusi ni wa bei ndogo sana.

Jibu liko katika bwasa. Mkaratusi unataka miaka mitano hadi saba kabla ya kuukata kwa makala. Nenda Miti au Katana, hesabu nani ana haki ya kukaa juu ya shamba lake miaka saba. Mwenye hati anaweza. Mwenye kalinzi anaweza, akiwa na eneo la kutosha kulisha watoto kwanza. Mwenye bwasa hawezi. Mtwa hawezi. Wale wanaohitaji zaidi kuni ndio wasio na mahali pa kuzipanda, na mahali pekee penye miti ambayo mtu hahitaji kuipanda ni juu, kule mama alikonyooshea mkono. Haki ya ardhi nje ya mpaka ndiyo inayoamua miti mingapi itakatwa ndani yake. Kwa maoni yangu jambo hili lingebadilisha mengi kuliko walinzi wapya 100, na linahitaji watu ambao hawaitwi kamwe kwenye mikutano ya uhifadhi: ofisi ya ardhi, mwami, na wenye plantesheni zilizolala bila kulimwa.

Ushuhuda wa gharama ya vilima vilivyovuliwa miti tunao. Mei 2023, Kalehe, mvua ya siku moja ilishusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Mvua ile ilikuwa kubwa mno, lakini miteremko ile haikuwa na mizizi ya kuushika udongo.

Nindja

Niliahidi kurudi kwenye shingo ya kibuyu. Ukanda wa Nindja ndio njia pekee ya wanyama kati ya sehemu ya juu na ya chini. Ukikatika, ngagi wa milimani watabaki wamefungiwa katika kilomita za mraba 600, wakizaliana wao kwa wao. Na ukanda huo ndio wenye vijiji vingi, mashamba, ng'ombe, na mashamba makubwa ya watu wenye hati walizopewa ofisini ingawa ardhi ilikuwa imeshatangazwa kuwa hifadhi. Mkulima mdogo wa Nindja anaona ng'ombe wa tajiri wakilisha ndani ya mpaka, na yeye anafukuzwa na jembe lake.

Mazungumzo ya Nindja yakianza kweli, yatakuwa magumu kwa sababu hayataishia kwenye maneno. Itabidi kupimwa, mita kwa mita, ni upana gani ngagi anahitaji kupita na mashamba ya nani yaliyo katika upana huo. Itabidi hati za wakubwa zifunguliwe mezani pamoja na kumbukumbu za kalinzi, na ijulikane ipi ilitangulia. Itabidi Batwa wawe na kiti chao wenyewe mezani, wasisemewe na chifu ambaye wanakaa kwa hisani yake. Wazee wataulizwa majina ya vijito, kama walivyoulizwa wa Itombwe. Wengi wa wazee hao walikuwa watoto mwaka 1975, na wanakumbuka mahali nyumba zilipokuwa.